Nani Alimshika?

Machi 8

Niliwaahidi gredi ya sita kwamba nitaandika shajara kama wao, basi naandika. Sheria ni ile ile niliyowapa: siku yenye jambo hairukwi, na kama huna maneno, andika hali ya hewa. Leo hakuna mvua. Kuna vumbi la barabara ya Outer Ring na joto lililonivimbisha miguu mpaka viatu vya kazi vimenikataa.

Likizo yangu ya uzazi imeanza leo. Juzi watoto waliniimbia wimbo ambao nusu yake hawaujui, halafu Ndindi, yule wa dawati la mbele asiyefunga mdomo, akauliza, "Madam, mtoto anaitwa nani?" Nikamwambia hajazaliwa bado. "Sawa, lakini anaitwa nani?"

Hilo ndilo swali la nyumba hii. Mimi nataka Lorraine. Mume wangu, Sylvance, anataka Dorsila, jina la nyanya yake marehemu. "Lorraine ni jina la saluni," anasema. Nikamwambia Dorsila ni jina la trekta. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tumekaa miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, na sasa tunaye wa kugombania, wacha tugombane.

Machi 12

Amino, jirani yetu wa ghorofani, ambaye mumewe Kahin hufanya kazi mbali, amejifungua mvulana. Wamemwita Bile. Mama mkwe wake, Habon, amepita mlangoni kwangu bila salamu, kama kawaida yake. Mwaka mzima tunaishi ploti moja hapa mtaani Umoja, tunachota maji mfereji mmoja, na sijawahi kuona meno yake.

Machi 15

Joto. Nimekula odowa, ule udongo wa wajawazito, nikimficha Sylvance. Alinusa mdomo wangu akacheka.

Machi 20

Mvua imeanza. Sylvance amerudi amelowa chapachapa, pamoja na sweta yake ya buluu, ile ya kazi yenye picha ya nyani kifuani. Analisha nyani na mbega kwenye kituo cha utafiti ng'ambo ya mji. Hao wanyama anawajua kwa majina na tabia kuliko anavyowajua shemeji zake. Nimeianika sweta juu ya jiko, na nyumba nzima inanuka nyani.

Machi 21

Mvua. Mtoto ametulia sana leo.

Machi 22

Mvua. Bado ametulia. Nimekunywa soda baridi ili ashtuke. Hakushtuka. Kesho asubuhi na mapema tunaenda hospitali.

Machi 27

Siku nne nimezivunja sheria. Gredi ya sita mnisamehe.

Alizaliwa usiku wa tarehe ishirini na tatu. Msichana. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba moyo wake haupigi, lakini mimi nilisukuma kwa nguvu zangu zote, nikidhani nitamthibitishia kwamba amekosea. Nilimhisi akitoka. Nikasubiri kilio. Nikasikia sauti ya sinia ikiwekwa mezani, basi.

Nikasema, "Nipeni."

Sista akamtazama mama mkwe wangu, Rispa, aliyekuwa amefika jioni hiyo kutoka Siaya na kuruhusiwa akae nami. Rispa akatikisa kichwa. "Nyar Bungoma," akaniambia (binti wa Bungoma, ndivyo anavyoniita tangu siku ya mahari), "mtoto wa namna hii haangaliwi na mamake. Ukimwona hatakuachilia, na wale wengine hawatakuja. Kwetu hayo humalizwa na wengine. Wewe pumzika."

Nikasema nipeni tena. Sijui nilisema mara ngapi. Walinidunga sindano, na nilipoamka kulikuwa kumekucha, na kitanda cha kando yangu kilikuwa na mama anayemtafutia mtoto wake kofia.

Sylvance alikuwa kwenye korido usiku huo wote. Yeye ndiye aliyetia sahihi. Kuna karatasi inayosema hospitali itamzika mtoto pamoja na wengine, mahali wanapopajua wao. Alitia sahihi bila kuniuliza, nikiwa nimelala.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza swali moja tu. "Kuna mtu alimshika? Kabla hawajampeleka, kuna mtu hata mmoja alimshika?"

Alitoka nje akasimama kando ya mfereji, mvua inamnyeshea, shati limemgandia mgongoni.

"Sweta yako iko wapi?" nikamfokea kutoka mlangoni.

"Imepotea."

Hata sweta hawezi kuitunza mtu huyu. Nimelala nikitazama ukuta.

Machi 28

Hakuna aliyeniambia kwamba maziwa huja hata hivyo. Vitabu vyote nilivyosoma, semina zote za kliniki, hakuna aliyelitaja. Nimeamka kifua kimekuwa mawe, kina moto, na shuka imelowa. Mwili wangu haujapata habari. Unaandaa chakula cha mgeni ambaye hayupo.

Rispa ameninunulia kabichi. Amenibandika majani yake kifuani na kunifunga leso kwa nguvu, goti lake mgongoni mwangu. "Usikamue hata kidogo. Ukikamua yataongezeka. Yaache yakate tamaa." Alisema hivyo hivyo, yaache yakate tamaa. Nikamchukia mpaka vidole vya miguu.

Machi 29

Mvua. Rispa amerudi Siaya. Nimeshukuru. Kabichi linanuka.

Machi 30

Leo Sylvance amesema. Siku zote hizi maneno yake yalikuwa "chai iko" na "nimefunga mlango." Jioni akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaangalia mikono yake, akaanza.

"Kuna nyani mmoja kule kazini. Mtoto wake alikufa Ijumaa."

Nikaacha kukunja nguo.

"Hajamwachilia. Anambeba tu. Akipanda juu anambeba kwa mkono mmoja, akila anamlaza mapajani, anamtoa nzi. Daktari alitaka tumdunge mama alale ili tumtoe yule mtoto. Mimi nimekataa, Jacky. Nimemwambia daktari, mwache. Ataacha mwenyewe siku atakapomaliza."

Kikombe kilikuwa karibu nami. Kilipasuka ukutani, juu ya kichwa chake.

"Nyani!" nikamwambia. "Nyani umempigania! Umesimama mbele ya daktari kwa sababu ya nyani! Na mimi? Mimi ulinitilia sahihi nikiwa nimelala! Yule nyani amemshika wake siku tatu, mimi wangu sijui hata nywele zake!"

Akachukua ufagio akaanza kuzoa vipande vya kikombe, na nilitaka atukane, apige meza, afanye lolote. Alizoa tu.

Machi 31

Mvua. Hatusemezani.

Aprili 1

Amino alirudishwa hospitali wiki iliyopita. Wanasema moyo wake umechoka baada ya kuzaa, anapumua kwa shida, miguu imejaa maji. Mtoto ameachwa na bibi yake huko juu, na leo amelia tangu alfajiri. Kilio kinapita kwenye sakafu yao, ambayo ndiyo dari yangu.

Kila akilia, maziwa yananitoka. Sijamwona mtoto huyo hata mara moja, lakini akianza tu, kabla sijafikiria lolote, blauzi inalowa. Nimebadilisha leso nne. Nimeziba masikio kwa mto, na maziwa yakatoka vile vile. Nimelia kwa hasira. Kwa nini mwili huu ni mpumbavu hivi?

Aprili 2

Habon amebisha hodi. Nilidhani anakuja kulalamika kuhusu kikombe.

Alisimama mlangoni, mrefu, jilbabu yake imelowa pindoni. "Mwalimu. Pole kwa mtoto wako."

Nikangoja sehemu ya pili, ile ambayo kila mtu huiongeza: Mungu atakupa mwingine, wewe bado kijana. Hakuiongeza. Alisimama na ile pole yake peke yake, na mimi nikamfungulia mlango wote.

"Bile anatapika maziwa ya mkebe," akasema. "Amekuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Mamake amekatazwa kunyonyesha, na dawa zimemkausha." "Nimeona leso zako kwenye kamba. Nimezihesabu. Nisamehe kwa kuzihesabu."

Tukaenda zahanati, yeye na mimi chini ya mwavuli mmoja, Bile kifuani pake. Sista akanipima damu, akasoma majibu, akasoma kitabu changu cha kliniki, akasema yuko sawa huyu, anaweza. Nilitaka kumnyonyesha hapo hapo kwenye benchi. Habon akakataa. "Kwanza mumeo. Maziwa ni yako na yake. Siwezi kuchukua kitu cha mtu bila kumuuliza."

Alimngoja Sylvance sebuleni kwangu, mgongo umenyooka, mtoto analia, mimi ninavuja. Sylvance aliporudi, Habon akamweleza taratibu, utadhani anaposa. Mtoto akinyonya mara tano na kushiba, anakuwa mtoto wa mama huyo na wa mumewe. "Si maneno ya kupendeza tu," akasema. "Anakuwa. Harithi mali yenu, lakini nyinyi ni mama yake na baba yake wa kunyonya, na binti zenu ni dada zake. Hawezi kuwaoa milele. Kwetu hilo ni jambo kubwa, kwa hivyo nauliza."

"Hatuna binti," nikasema.

Sylvance akasimama ghafla. Akasema, "Mpe," akatoka nje.

Nikampa. Mdomo wake ulikuwa mdogo na mkali. Alinyonya kwa pupa, akakohoa, akarudi, mkono wake umeshika ukosi wa blauzi yangu. Nililia mpaka nikamlowesha kichwa. Habon alinipangusa mimi kwanza, halafu mtoto, halafu akavuta punje moja ya tasbihi yake. "Moja," akasema.

Aprili 3

Mvua kubwa. Mchana Habon aliniambia, "Hii imekuwa ya nne. Mwalimu, ukitaka tubaki majirani tu, sema sasa, nitatafuta njia nyingine. Ya tano haina kurudi."

Nikafungua kifungo.

Aprili 8

Mvua. Bile ameongeza gramu mia mbili. Nimewaambia hata wauza mboga.

Aprili 11

Ana alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto. Akishiba anakunja uso kama mtu aliyesomewa hukumu. Kwa mtoto wangu sijui kulikuwa na alama gani. Je, kuna mtu alimshika? Kuna mtu alimtazama nyuma ya sikio?

Aprili 12

Mvua. Nyani wa Sylvance amemwacha mtoto wake. Alimweka chini ya mti, akaenda kula, akarudi kumtazama mara mbili, akaenda. Imekuwa siku ya kumi na sita. Sylvance ameniambia hivyo akiwa amenipa mgongo, na safari hii sikurusha kitu.

Aprili 19

Habon ana meno. Leo yameonekana yote. Bile alinikojolea usoni nikibadilisha nepi, na mwanamke yule akacheka mpaka akashika ukuta.

Anashinda huku chini siku hizi. Ananipikia uji wenye siagi na iliki, ananilazimisha kunywa maziwa ya ngamia yanayotoka Isiolo, ambayo yana ladha ya moshi na ambayo nimekuja kuyapenda bila kumwambia. Yeye huogesha, mimi hunyonyesha, na binti za nyumba ya tatu hugombania kumbeba. Sylvance aliporudi akasimama akitutazama.

"Nyinyi ni kama mbega," akasema.

"Asante sana," nikamjibu.

"Si matusi. Nyani hampi mtu mtoto wake. Mwingine akinyoosha mkono, anageuka. Lakini mbega akizaa, mtoto mweupe pepe, siku hiyo hiyo wanawake wote wanampokezana. Huyu anambeba, yule anambeba. Kuna hata anayenyonyesha asiye wake." Yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

"Basi mshike na wewe," nikamwambia, nikamnyooshea Bile.

Akaficha mikono nyuma. "Mikono yangu ina harufu ya nyani."

Uongo. Huoga kazini kabla hajatoka. Tangu Bile aje hapa, Sylvance hajamgusa hata kidole. Nimeshindwa kumwelewa, na nimechoka kujaribu.

Aprili 27

Shule imefunguliwa bila mimi. Mkuu wa shule amepiga simu kuuliza kama nitarudi mapema, "kwa kuwa hali ni tofauti." Nimemwambia ninanyonyesha. Akaniomba nirudie. Ilinifurahisha kidogo.

Mei 4

Rispa amekuja bila kutoa habari na kunikuta na Bile kifuani. Nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno tangu Machi, nimeyanoa.

Akaweka mfuko wa viazi vitamu chini. Akatazama. "Ni wa nani?"

"Wa Amino wa juu. Na wangu," nikasema. "Na huyu hakuna atakayemtoa mikononi mwangu akisema haangaliwi."

Akaketi. Nilidhani atanijibu kwa ukali wake. Badala yake akavua viatu taratibu, akavipanga pamoja. "Kabla ya Sylvance nilizaa mvulana," akasema. "Hakulia. Mama mkwe wangu alimfunga kwenye kitambaa akatoka naye kwa mlango wa nyuma. Hawakuniambia walimzika wapi. Nikilima nyuma ya nyumba, nyar Bungoma, mpaka leo nikigonga jiwe kwa jembe ninasimama."

"Basi ulijua," nikasema. "Ulijua inavyouma, na ukanifanyia."

"Nilifanyiwa hivyo nikapata wengine watano. Nilidhani ndiyo dawa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikujua dawa nyingine."

Sikumsamehe. Lakini nilimpa Bile ambebe ili nichemshe chai, na nikamsikia akimwimbia kwa Kijaluo, sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nilimuuliza pia. "Mama, kuna mtu alimshika?" Akasema sista alimpeleka kwenye korido, na zaidi ya hapo yeye hakuona.

Mei 5

Mvua. Rispa ameondoka. Ameniachia viazi vyote.

Mei 13

Amino anapata nafuu. Anatembea hadi dirishani. Habon alishuka na habari hizo akilia kwa furaha, akanikumbatia, nikamkumbatia.

Naandika hili kwa sababu shajara ni ya ukweli, nimewafundisha watoto hivyo. Nilipokuwa nimemkumbatia, nilitamani Amino asirudi. Sikusema afe. Nilisema tu moyoni, asirudi. Kisha nikamtazama Bile na kujiona mchafu. Binti wa miaka ishirini na mitatu aliyelala na mipira puani mwezi na nusu, na mimi ninaomba hospitali isimwachie. Mungu anisamehe. Na bado natamani.

Mei 20

Amino amerudi. Mvua imepungua.

Mei 21

Bile analia huko juu. Maziwa yanatoka. Nimekaa juu ya mikono yangu.

Mei 24

Amino alishuka mwenyewe leo, ngazi moja baada ya nyingine, Bile anapiga mayowe begani pake. "Mchukue," akasema. Nikamchukua. Akanyamaza hapo hapo, akageuza uso akatafuta blauzi yangu. Amino aliyaona yote hayo.

Amekonda, macho makubwa. Akaketi sakafuni, akiegemea ukuta. "Kule hospitali waliniambia ananyonya kwako, anaongezeka. Nilikuombea dua kila siku. Nilisema nikitoka nitambusu mikono mwanamke huyo." Akavuta pumzi, bado humchosha. "Sasa nimekuona na nataka kukupiga."

"Nipige basi," nikasema.

Tukacheka, na cheko likageuka likawa kilio, wote wawili, na Bile katikati anaendelea kunyonya bila habari na mtu.

"Nikimpa chupa ananusa kifua changu, anakutafuta wewe," akasema. "Hapa ndani mimi ndiye jirani. Wewe ukiwa chini hawezi kunijua. Kahin anakuja na gari mwisho wa mwezi, atupeleke Isiolo kwa mama yangu. Nitakaa huko. Usinichukie."

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi. Lakini anasema kweli, na mtoto ni wake. Wiki hii Habon atamzoesha chupa, mchana mara moja, kisha mbili, kisha zote. Nimekubali.

Mei 27

Amebakiwa na kunyonya mara moja tu, asubuhi. Mawingu, bila mvua.

Sylvance aliniuliza kama nitampa Bile kitu cha kusafiri nacho. Nikasema kofia. Akatikisa kichwa. "Mpe leso uliyolalia. Usiifue. Kule kazini tukimhamisha mtoto yatima kwa mama mwingine, tunampeleka na kitambaa cha mahali alipotoka. Yule mama mpya analala nacho, mpaka kinanuka wote wawili. Halafu mtoto anakubali." Akaangalia sakafu. "Mtoto asiende bila harufu ya mtu, Jacky. Si vizuri."

Sauti yake ilivunjika kidogo hapo mwisho. Nilidhani ni kwa ajili ya Bile.

Mei 30

Wameenda.

Nitaandika yote, polepole, kwa sababu sitaki kusahau hata neno.

Asubuhi nilimnyonyesha mara ya mwisho. Hakujua kuwa ni ya mwisho. Alinyonya, akaniachia, akacheka na dari, akarudi. Nilimtazama nyuma ya sikio. Nikamfunga kwenye leso yangu ya zambarau, nikamweleza Amino: usiifue, lala nayo, iweke ndani ya nguo zako. Akanibusu mikono kama alivyoahidi, na hakunipiga.

Kahin alikuwa barabarani anafunga mizigo. Habon akamchukua Bile, akasimama naye katikati ya sebule yangu. Akaniambia kwamba mtoto kabla ya safari anatajiwa watu wake, ili ajue amewaacha wangapi. Akaweka mdomo sikioni pake.

"Baba yako ni Kahin. Mama yako ni Amino. Mama yako wa kunyonya ni Jacky Nabalayo. Baba yako wa kunyonya ni Sylvance." Akainua uso. "Dada yake anaitwa nani?"

Sikuelewa. "Dada gani?"

"Binti yako. Maziwa haya yalikuja kwa ajili yake. Ni dada yake Bile."

"Mama Kahin, alizaliwa amekufa," nikasema. "Hana jina."

"Sikuuliza kama yuko hai. Nimeuliza anaitwa nani."

Miezi miwili hakuna mtu aliyemwita binti yangu, hata mimi hapa kwenye daftari. Halafu nyuma yangu Sylvance akasema, "Lorraine."

Tukageuka wote. Alikuwa amesimama mlangoni na gambuti zake za kazi miguuni.

"Kwenye ile karatasi kulikuwa na mahali pa jina," akasema. "Sista aliniambia wengi huacha wazi. Nikaandika Lorraine. Kwa sababu ndilo ulilotaka." Alikuwa ananitazama mimi tu. "Nilimshika, Jacky. Alinipa kwenye benchi la korido. Nilikaa naye mpaka kukakucha. Sista alikuja kumchukua mara ya kwanza nikakataa, akaja mara ya pili nikakataa. Ana nywele nyingi. Ana kidevu chako. Mara ya tatu alikuja na mlinzi. Wakati huo mtoto alikuwa baridi sana, nikavua sweta nikamfunga nayo, mikono nikaizungusha hivi. Nikawaambia msimtoe. Nikawaambia azikwe nayo hivyo hivyo. Ndipo nikatia sahihi."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu sikuijua.

"Mama alisema ukijua nilimwona, hutapona. Halafu uliniuliza kama kuna mtu alimshika, na nikaona nikisema ni mimi, utaniuliza kwa nini sikuja kukuamsha." Akaanza kulia, mdomo wazi, kama mtoto. "Na sina jibu. Nilikuwa nimemshika. Sikufikiria mtu mwingine yeyote."

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na akasimama tu nimpige, kisha nikashika shati lake na sikuliachilia. Habon hakuondoka. Alingoja mpaka nikanyamaza, akarudisha mdomo kwenye sikio la Bile, akamalizia pale alipoachia. "Dada yako ni Lorraine."

Kisha akamtoa Bile kifuani pake akamnyooshea Sylvance. Akampokea. Alijua kushika kichwa.

Gari lilipoondoka, nilisikia Bile akilia mpaka kona ya duka la kuku. Blauzi ikalowa.

Mei 31

Nimenunua kabichi mwenyewe. Sylvance amenifunga leso kutoka nyuma, hakukaza sana. Nilimwomba anieleze nywele tena.

Juni 1

Jua. Nywele, kidevu, mikono ya sweta ilivyozungushwa. Nimemwambia pia kwamba sijui kama nitamsamehe kwa kutoniamsha. Akasema anajua.

Juni 5

Habon amepiga simu. Siku tatu za kwanza Bile alikataa chupa mkononi mwa mamake, ya nne akakubali, amejifunika leso. Sasa analala kwa mamake. Nilisema alhamdulillahi, neno lake, kisha nikaenda kuketi bafuni.

Juni 8

Nimerudi shule. Mkuu alikuwa amewaonya watoto wasiniulize lolote, niliona walivyokaa wima. Ndindi alivumilia mpaka karibu na kengele ya mapumziko.

"Madam, mtoto anaitwa nani?"

Darasa zima likashusha macho. Mvulana wa nyuma yake akakipiga teke kiti chake.

"Anaitwa Lorraine," nikasema. "Ana kaka, yuko Isiolo, anaitwa Bile."

"Lorraine amebaki na nani nyumbani?"

"Hayuko nyumbani. Alifariki."

Akatazama dawati lake. Kisha akauliza polepole, kwa sababu huyo hawezi kuacha, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana," nikamwambia. "Babake alimshika. Ana sweta ya babake."

Ndindi akatikisa kichwa kukubali. Nikawaambia wafungue vitabu ukurasa wa hamsini na mbili, wakafungua.